Saa ya Mtihani na Mtoto wa Rusizi: Historia Fupi ya Kusoma kwa Kasi



Ndugu wasomaji, makala hii imetokana na swali la mama mmoja anayeishi karibu na Rusizi II, pale mpakani ambapo daraja linaiunganisha wilaya yetu ya Rusizi (wengi wetu bado tunasema Cyangugu) na mji wa Bukavu. Binti yake alikwenda kufanya mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na vyuo vya ng'ambo. Alirudi kimya. Alipobembelezwa sana akaeleza kwamba vifungu viwili vya mwanzo alivisoma na kuvijibu, lakini cha tatu alikuwa amefika katikati tu msimamizi aliposema kalamu chini. Majibu yalipotoka, sehemu ya kusoma ndiyo iliyomwangusha.

Mama akatuuliza: "Mtoto wangu ni mzito wa akili, au kuna jambo sisi wazazi hatukulifanya?"

Jibu fupi ni kwamba mtoto si mzito. Jibu refu linahitaji historia, kwa sababu saa ile iliyomkimbiza binti huyu ina asili yake, na lugha aliyokuwa akiisoma nayo ina njia ndefu iliyopita kabla ya kufika kwetu. Tukizijua njia hizo mbili, inshaa Allaah tutajua pia pa kuanzia nyumbani.

MTO MMOJA, LUGHA NNE

Mto Rusizi unatoka ziwa Kivu kwenda ziwa Tanganyika, na jina la Rusizi II watu wanalijua pia kwa kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1989 kuhudumia nchi tatu: Rwanda, Burundi na Kongo. Umeme hauulizi mtu anasema lugha gani. Mtihani unauliza.

Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Shangi, kwenye ufuko wa Kivu, mwaka 1898. Walikuja na askari, wapagazi na makarani waliozungumza Kiswahili, na wengi kati yao walikuwa Waislamu. Mwaka 1910 mataifa ya Ulaya yakakubaliana huko Brussels kwamba Rusizi uwe mpaka. Mwaka 1916 Wabelgiji wakachukua upande huu pia, na tangu hapo shule karibu zote zikawa mikononi mwa misheni. Mzazi wa Kiislamu aliyetaka mwanawe asome alijua kwamba mlango wa shule mara nyingi ulipitia kwenye ubatizo. Wengi wakawabakiza watoto nyumbani. Ndipo jamii yetu, ambayo Wanyarwanda waliiita na bado wanaiita "Waswahili", ikawa jamii ya wafanyabiashara, madereva na mafundi.

Tusifikiri wazee wale hawakuwa wasomaji. Walisoma Qur-aan kwa herufi za Kiarabu, na barua za biashara kwa Kiswahili. Ila hakuna aliyewashikia saa.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962, lugha ya sekondari na ofisi ilikuwa Kifaransa. Jumuiya ya Waislamu wa Rwanda iliundwa mwaka 1964 na taratibu watoto wetu wakaingia madarasani. Ng'ambo ya mto, Kongo ilianzisha mtihani wake wa taifa wa kumaliza sekondari mwaka 1967, nao kwa Kifaransa, na kwa miaka mingi wanafunzi wa pande mbili za daraja walijua vizuri sana mtihani wa jirani unafananaje. Kisha mwaka 1996 Kiingereza kikawa lugha rasmi ya Rwanda, na mwezi Oktoba 2008 serikali ikaamua kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Mwaka uliofuata walimu walikuwa wakifundisha kwa lugha ambayo wengi wao wenyewe walikuwa wakijifunza. Mwaka 2017 bunge likakipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, jambo lililotufurahisha sana, lakini halikubadilisha lugha ya karatasi ya hesabu wala ya sayansi.

Sasa hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Katika nyumba moja ya Kamembe au Bugarama unaweza kumkuta babu aliyesoma kwa Kiarabu na Kiswahili, baba aliyepimwa kwa Kifaransa, na mtoto anayepimwa kwa Kiingereza, na wote watatu jikoni wanaongea Kinyarwanda na Kiswahili. Mtoto huyo anapoingia kwenye chumba cha mtihani wa dakika 60 hana nyuma yake babu wala baba aliyewahi kusoma gazeti la Kiingereza mbele yake. Anaanza yeye.

SAA ILIINGIAJE KWENYE MTIHANI?

Mitihani ni ya zamani kuliko saa za ukutani. China waliwachagua watumishi wa dola kwa mitihani ya kuandika kwa zaidi ya miaka 1,000, hadi ilipofutwa mwaka 1905, na mtahiniwa alifungiwa katika kijumba chake kwa siku kadhaa na chakula chake. Aliyekuwa taratibu alipata nafasi ya kufikiri.

Mwaka 1845 katika mji wa Boston, Marekani, Horace Mann na wenzake walileta jambo jipya kwa shule za mji ule: badala ya wanafunzi kuulizwa maswali kwa mdomo mbele ya wageni, wote walipewa karatasi moja iliyochapwa, maswali yale yale, na saa moja kwa kila somo. Nia ilikuwa haki. Kila mtoto apimwe kwa kipimo kile kile.

Ila kipimo kilichotufikia sisi kinatokana zaidi na vita. Marekani ilipoingia katika vita kuu mwaka 1917 ilitaka kuwapanga askari haraka, na wataalamu wakatunga mtihani ulioitwa Alpha kwa wanaosoma Kiingereza, na mwingine wa picha, Beta, kwa wasiojua kusoma au wasiojua lugha hiyo. Watu takribani milioni 1.7 walipimwa. Mtihani wa Alpha ulikuwa na vipande vifupi vya dakika chache chache, na ulitungwa makusudi ili wengi wasimalize. Kutomaliza hakukuwa ajali. Kulikuwa sehemu ya kipimo.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu kilichofuata kinamhusu moja kwa moja mtoto wa Rusizi.

Mwalimu mmoja wa chuo cha Princeton, Carl Brigham, alizichukua alama za askari wale na mwaka 1923 akaandika kitabu. Aliona kwamba wahamiaji waliokaa Marekani miaka 20 walipata alama karibu sawa na wazaliwa, na waliokaa chini ya miaka 5 walipata alama za chini kabisa. Mtu wa kawaida, hata fundi baiskeli wa Kamembe, angesema: wa kwanza wamezoea lugha na nchi, wa pili bado. Brigham hakusema hivyo. Alisema wahamiaji wapya ni wa damu duni kuliko waliotangulia. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria kali ya kuzuia wahamiaji.

Ni Brigham huyo huyo aliyeongoza kutungwa kwa mtihani wa SAT, uliofanywa mara ya kwanza mwezi Juni 1926 na wanafunzi wapatao 8,000. Maswali yalikuwa 315, na muda wote ulikuwa kama saa moja na nusu. Gawanya: ni chini ya sekunde 20 kwa swali! Miaka michache baadaye watungaji wenyewe waliona mbio zile zimezidi wakapunguza haraka.

Na Brigham? Mwaka 1930 alirudi hadharani na kuyakana aliyoandika. Alikiri kwamba mtihani wa lugha unaweza kuwalinganisha tu watu waliopata nafasi sawa ya kujifunza lugha hiyo. Ni wachache kati ya wasomi wakubwa waliowahi kufuta kitabu chao kwa mkono wao, na kwa hilo tumpe haki yake, ingawa madhara yalikuwa yameshatoka nyumbani.

Basi mama, jibu la swali lako la kwanza lina karibu miaka 100, na limetoka kwa aliyeutengeneza mtihani wenyewe. Saa humpima mtu amekaa na lugha hiyo kwa muda gani, kabla ya kumpima jambo lingine lolote.

JICHO LINAVYOFANYA KAZI

Mwishoni mwa miaka ya 1870 daktari wa macho wa Paris, Émile Javal, aliona kwamba jicho la msomaji haliteleziki juu ya mstari kama mashua juu ya Kivu. Linaruka, linasimama, linaruka tena. Wataalamu waliokuja baadaye walipima kusimama huko wakakuta ni kama robo ya sekunde, na kwamba hata msomaji hodari hurudisha jicho nyuma mara 10 hadi 15 katika kila miruko 100, kuhakikisha alichokisoma.

Kutokana na elimu hii ikazuka biashara. Mwaka 1959 Evelyn Wood, mwalimu wa Marekani, alianza kuuza mafunzo ya kusoma kwa kasi: pitisha mkono juu ya ukurasa, usirudi nyuma, nyamazisha sauti ya ndani inayotamka maneno, nawe utasoma maelfu ya maneno kwa dakika. Hata wafanyakazi wa Ikulu ya Marekani walipelekwa kusoma kozi hiyo. Mpaka leo utakuta matangazo ya namna hiyo kwenye simu za watoto wetu.

Mwaka 2016 Keith Rayner na wenzake walichapisha mapitio marefu ya tafiti za miaka mingi, na matokeo yake hayakuwapendeza wauzaji. Msomaji akiongeza kasi kupita kiasi chake, ufahamu unashuka. Ile sauti ya ndani husaidia kuelewa. Kurudi nyuma si uzembe. Ukimzuia msomaji asirudi, anaelewa kidogo zaidi. Kinachomtenganisha msomaji wa haraka na wa taratibu kwa sehemu kubwa si ufundi wa jicho, ni wepesi wa kulitambua neno na kujua maana yake. Neno unalolijua jicho halikai juu yake. Neno geni linalishika jicho kama mwiba unavyoshika kanzu.

Na kasi ya kawaida ni ipi? Mwaka 2019 Marc Brysbaert wa Ubelgiji alikusanya tafiti nyingi akapata kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimya kimya husoma wastani wa maneno 238 kwa dakika katika maandishi ya maelezo, na 183 akisoma kwa sauti. Hao ni watu wazima wanaosoma lugha yao. Kwa hiyo kijana anayeambiwa ni lazima afike 1,000 anadanganywa.

Jambo moja zaidi kabla hatujaondoka hapa. Wazazi wengine wanalinganisha kasi ya mtoto kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kisha wanashangaa. Tanzania iliweka kipimo cha maneno 50 kwa dakika kwa mtoto wa darasa la pili anayesoma Kiswahili, na kwa macho ya Mzungu ni kidogo. Lakini tazama: "sitawaambia" ni neno moja. Kinyarwanda kinasema "sinzababwira", neno moja pia. Kiingereza na Kifaransa kila kimoja kinahitaji maneno matano kusema jambo hilo hilo. Maneno ya lugha zetu yamebeba mizigo, na idadi kwa dakika hailinganishwi kutoka lugha hadi lugha.

WALIOTUTANGULIA KATIKA SHIDA HII

Sisi wa mpakani si wa kwanza kupimwa kwa lugha ya mbali. Miaka ya 1920 huko Dhaka, mji wa Waislamu wengi ambao leo ni makao makuu ya Bangladesh, Mwingereza Michael West aliongoza chuo cha ualimu. Aliona watoto wa Kibengali wakikaa na Kiingereza miaka mingi bila kuweza kusoma kitabu. Akachunguza vitabu vyenyewe na kukuta kosa halikuwa kwa watoto. Vitabu vilirundika maneno mapya katika kila ukurasa, na darasani mtoto mmoja alisoma kwa sauti huku wengine 40 wakimsubiri. West akatunga vitabu vipya ambavyo neno geni lilikuja mara chache, takribani moja katika kila maneno 50 au zaidi, kisha likarudiwa tena na tena, na akawaachia watoto wasome kimya, kila mmoja kwa mwendo wake. Kitabu chake cha kueleza mambo hayo kilitoka mwaka 1926, mwaka ule ule wa SAT ya kwanza. Marekani walikuwa wakiongeza mbio, na Dhaka mtu mmoja alikuwa akiondoa mawe njiani.

Mwaka 2000 watafiti wawili, Hu na Nation, walipima ni maneno mangapi msomaji wa lugha ya pili anapaswa kuyajua ili aelewe kitabu bila msaada. Walipata kama 98 kwa kila 100. Yaani neno geni moja kwa kila maneno 50. Karibu sawa kabisa na hesabu ya West.

Na Fiji, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai waliwapa watoto wa shule za vijijini vitabu vingi vya hadithi za Kiingereza vyenye picha, badala ya kitabu kimoja cha darasa chenye mazoezi. Watoto wale walisonga mbele katika kusoma kwa mwendo wa kama mara mbili ya wenzao. Hakuna aliyewafundisha kupitisha mkono juu ya ukurasa. Walisoma vitabu rahisi, vingi, vilivyowapendeza.

MADRASA WANAJUA MIENDO MITATU

Jambo la ajabu ni kwamba sisi tuna elimu ya kasi ya kusoma, iliyoandikwa karne nyingi kabla ya Javal. Wanachuoni wa tajwiyd, miongoni mwao Ibn al-Jazariy aliyefariki mwaka 1429, wameeleza miendo ya kusoma Qur-aan. Tahqiyq ni ule wa taratibu, kila herufi ikipewa haki yake, nao ndio wa kufundishia. Hadr ni wa haraka. Tadwiyr uko katikati. Na wote wamesisitiza kwamba hadr haimruhusu msomaji kumeza herufi wala kukata madda. Ukikimbia ukavunja hukumu, si hadr tena, ni makosa tu.

Mwalimu wa madrasa hampi mtoto hadr siku ya kwanza. Anamrudisha kwenye sura ile ile leo, kesho na keshokutwa, mpaka ulimi unapita wenyewe. Mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani, Jay Samuels, alieleza njia ya kuwasaidia watoto wanaosoma kwa kujikokota: kifungu kifupi, msome mara kadhaa mpaka kasi na usahihi vifike kiwango fulani, ndipo umpe kifungu kingine. Ustadhi yeyote wa Kamembe angecheka. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo anavyofundisha.

Lakini tuseme ukweli wote. Watoto wetu wengi wanaipita Juzuu ya 'Amma kama upepo bila kujua maana ya aya hata moja. Ulimi umekimbia, maana imebaki nyuma. Kwa thawabu ya kisomo hilo lina mlango wake, na si kazi ya makala hii kuufunga. Kwa mtihani wa ufahamu halimsaidii mtu. Mtahini hasikilizi sauti. Anauliza mwandishi amesema nini. Kwa hiyo tuchukue kutoka madrasa urudiaji na mpangilio wa miendo, na tuongeze kile ambacho madrasa nyingi zimekiacha, yaani kuuliza maana baada ya kila kisomo.

HESABU YA DAKIKA 60

Turudi kwa binti yetu. Sehemu ya kusoma ya IELTS kwa wanaoomba chuo ina vifungu vitatu, maswali 40, dakika 60, na vifungu kwa jumla vina maneno kati ya 2,150 na 2,750. Kwenye karatasi hakuna dakika za ziada za kuhamisha majibu. Tuchukue maneno 2,750 na tufanye hesabu ya shule ya msingi.

Anayesoma maneno 60 kwa dakika anamaliza kusoma tu kwa dakika 46. Zimebaki 14, sekunde 21 kwa swali. Huyo ndiye anayelia. Akifika maneno 100, kusoma kunachukua dakika 27 na nusu, na kila swali linapata karibu sekunde 49. Akifika 200, kusoma kunachukua karibu dakika 14 na kila swali linapata sekunde 69. Na akifika 400, kama tungeamini inawezekana bila kupoteza maana? Anaongeza kama sekunde 10 tu kwa swali.

Tazameni vizuri, wazazi. Faida kubwa yote iko chini, kutoka 60 kwenda 100 na kutoka 100 kwenda 200, na huko ndiko kunakofikika kwa kusoma vitabu rahisi kwa wingi. Anayelipia kozi ya kufika 400 ananunua kama sekunde 10, na huenda akazilipa kwa majibu yasiyo sahihi.

SAT ya sasa, inayofanywa kwa kompyuta tangu mwaka 2023 nje ya Marekani, imekatakata vifungu. Maswali ya kusoma na kuandika ni 54 kwa dakika 64, na kila swali lina kifungu chake cha maneno 25 hadi 150. Hapo msomaji wa taratibu anapumua kidogo, lakini anayekwama kwenye neno moja anakwama na swali zima. Mitihani yote miwili haikati alama kwa jibu lisilo sahihi, basi ni kosa kuacha swali wazi hata kama kengele imekaribia. Swali likikataa, weka jibu, endelea, rudi ukipata nafasi.

Mazoezi ya nyumbani yanafuata historia hii. Kwanza, macho yapimwe hospitali, maana wapo watoto wanaoitwa wazito kumbe hawaoni ubao. Kisha tafuta maandishi ambayo mtoto haoni aibu kuyaita rahisi: akikuta zaidi ya neno geni moja katika kila maneno 50, hayo ni ya kujifunzia msamiati, si ya kujengea kasi, weka pembeni kwa muda. Kifungu cha maneno 300 hadi 500 kinatosha kwa siku. Asome kimya, saa ikiwepo, aandike dakika na sekunde, afunge karatasi, aeleze alichosoma. Kesho akirudie kile kile. Keshokutwa kipya. Kama amekimbia lakini hawezi kueleza, siku hiyo haihesabiwi. Mtihani wenyewe uje mwishoni, wiki chache za mwisho, ili azoee sura ya maswali. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunanunua kitabu cha majaribio, mtoto anafanya jaribio baada ya jaribio, anapata alama zile zile, na moyo unavunjika.

Tulipomweleza mama yule haya yote, hakukaa raha. Akasema: "Nyie mnasema nyumbani, nyumbani. Mimi Kiingereza sikijui. Nilisoma Kifaransa miaka minne nikaishia hapo. Nitamsaidiaje?"

Tukamwambia kwamba kushika saa hakuhitaji Kiingereza. Binti asome kimya, kisha amsimulie mama yake kwa Kiswahili au Kinyarwanda kifungu kimesema nini: nani, wapi, kwa nini, ikawaje. Akisimulia kikaeleweka kwa mtu ambaye hakukisoma, ameelewa. Akianza kusitasita, arudi kwenye karatasi. Mama ndiye mtahini.

Akafikiri kidogo, akatoa simu yake kwenye mtandio, akauliza saa ya kuhesabia sekunde iko wapi.